Vyungu Arobaini vya Lyulilo

Nilitoka Kigoma na sanduku la spana, begi la nguo na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea hata mara moja. Treni ilinishusha Tabora na mafua. Kutoka pale nikapanda basi la kupitia Rungwa na Chunya, njia ambayo vumbi lake nililipiga chafya wiki nzima baadaye. Mbeya palikuwa na baridi, Tukuyu palikuwa na mvua na migomba, kisha barabara ikaanza kuteremka na joto likatupokea taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ya wali mbele ya uso wako. Nilivua koti, nikavua sweta, nikakunja mikono ya shati. Tulipofika Kyela nilikuwa mtu mwingine.

Mtu mmoja kwenye mwalo kule Kigoma alikuwa ameniambia kwamba Ziwa Nyasa lina injini za boti nyingi kuliko mafundi. Maneno hayo yalinitosha. Mimi mtu akinitajia mahali nisipopajua, siku hiyo chakula hakinipiti vizuri. Mama alikuwa akisema nilizaliwa juu ya lori, na ni kweli, nilizaliwa juu ya lori la pamba, kwa hiyo sikuwahi kumbishia.

Nilishukia Mbugani, pale mjini Kyela, nikaketi kwa mama lishe kunywa chai. Kwenye benchi alikuwepo mwanamume wa umri wangu, shati limepigwa pasi, uso wa mtu anayekaribia kucheka. Alisogea karibu yangu akaninong'oneza kama tunafahamiana tangu utoto.

"Unawaona wale wawili wanaokula chapati? Mimi nasema mwenye kofia atamaliza kwanza. Wewe chukua yule mwingine."

"Tunashindania nini?"

"Chai tu, ndugu yangu. Hatuui mtu."

Mwenye kofia alimaliza kwanza. Jamaa alipiga goti lake kwa furaha hata wale walaji wakageuka. Nililipa chai yake, naye hapo hapo akalipa chapati zangu, na supu juu yake, akakataa katakata nisimrudishie. Nilipomwambia kazi yangu, alisimama.

"Fundi wa injini za boti? Wewe ulikuwa wapi siku zote? Kule kwetu Lyulilo watu wanatupa injini kwa sababu ya plagi!"

Alilibeba sanduku langu begani, na lilikuwa zito, mpaka kwenye gari la kwenda Ipinda. Njiani, tulipopita mashamba ya mpunga, alinionyesha kwa kidevu shamba la kakao lililokuwa chini ya kivuli cha migomba. "Pale ni kwetu, kwa baba yangu. Kakao hiyo yote ni yangu mimi." Matunda yalikuwa yameshika kwenye mashina, mengine yameanza kuwa ya njano. Nilimsifu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kakao ile alikuwa ameshaiuza ikiwa bado maua, na fedha yake ilikwisha kwenye simu, kwenye mikeka. Hivyo ndivyo wachezaji wanavyoziita zile orodha za mechi wanazozibetia kwa pamoja: mechi moja ikikataa, mkeka wote umechanika.

Lyulilo ni mahali ambapo milima imekuja mpaka kwenye maji ikasimama. Kuna soko kwenye mchanga, na siku ya Jumamosi mitumbwi inaleta vyungu vilivyofungwa ndani ya nyasi ndefu, vikipangwa ufukweni vinaonekana kama watu walioketi wakisubiri ibada ianze. Nyumba ya mwenyeji wangu ilikuwa hatua chache kutoka pale. Chumba cha uani kilikuwa wazi. Nilipanga hicho.

Mkewe alikuwa Mkisi wa pale pale ufukweni, mfinyanzi na binti wa mfinyanzi. Watoto wao walikuwa wakubwa, wameenda kujitafutia Tunduma na Mbeya. Siku nilipofika alikuwa akizungusha chungu kibichi juu ya kigae na kukilainisha kwa jiwe, na hakuacha kazi kunisalimia.

"Ugonile," alisema.

Nikajibu salama, nikajibu shikamoo, nikajibu kila nilichokuwa nacho. Alicheka bila sauti. Tangu siku hiyo nilimwita shemeji.

Kuna jambo moja la huyu mama ambalo lazima niliseme sasa, kwa sababu yaliyotokea yote yalipitia hapo. Kabla ya kuuza chungu alikigonga kwa kifundo cha kidole, mbele ya mnunuzi. Kikilia vizuri alisema, "Kizima." Kikitoa sauti iliyokwama alisema, "Kimekufa," na kabla hujapepesa macho alikuwa amekipiga chini. Hata kama ufa hauonekani. Hata kama mnunuzi analalamika kwamba alitaka tu cha kupandia maua. Wafinyanzi wengine nao waligonga, ndiyo desturi yao wote, lakini wengi walikuwa na huruma na jasho lao, cha kufa wakakiita kigonjwa na kupunguza bei. Yeye hapana. Wachuuzi wa Ipinda na Kyela walinunua kwake bila kugonga mara ya pili.

Jambo lingine ni mtumbwi. Baba yake aliuchonga kutoka kwenye mti mmoja wa mlimani, na alipofariki, kaka zake wakiwa na mitumbwi yao, ule ukabaki kwake. Aliutumia kufuata udongo kwenye kona za pwani ambako hakuna njia ya miguu, na kupeleka vyungu masoko mengine. Nyuma kabisa, ndani ya ubao ule ule, baba yake alikuwa ameacha kikalio kidogo bila kukichonga, kimo cha mtoto. Alimwekea alipokuwa binti wa miaka michache, akae pale akitoa maji kwa kibuyu. Sasa alikuwa bibi wa watu na hakikumtosha tena, lakini alikisugua kwa mchanga kila alipoosha mtumbwi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpenda mwenyeji wangu kuliko rafiki yeyote niliyewahi kuwa naye barabarani. Lazima niliseme hilo pia, kwa sababu watu wanapomzungumzia mcheza kamari humwazia mtu mwenye macho mekundu, mchafu, mwizi. Yeye alioga mara mbili kwa siku. Hakunywa pombe. Mtu akifiwa alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ukimsimulia shida yako alikusikiliza kwa macho yote mawili, na shilingi yake ya mwisho ilikuwa yako ukiwahi kabla ya mechi.

Ila hakuweza kuona kitu na kukiacha. Wanaume wa pale walikuwa na mchezo wao wa kupasua tunda la kakao, kumumunya ule utelezi mtamu, kisha kuhesabu mbegu. "Shufwa au witiri?" Walikariri maneno hayo darasani wakiwa watoto, na nadhani katika hesabu zote walizofundishwa, hiyo ndiyo iliyowabakia. Wengine walicheza wakachoka wakaenda kuvuta nyavu. Yeye aliendelea peke yake, mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Alibeti ni mtumbwi upi utagusa mchanga kwanza. Alibeti kama mchungaji atakohoa kabla ya kusoma somo la pili. Kutazama mpira ambao hakuubetia hakuweza, aliona ni kama kutazama watu asiowajua wakila.

Nilianza kuona namna anavyosimulia. Ushindi aliusimulia kwa mapana, nguo aliyovaa, upande aliokaa, alichokula asubuhi. Kushindwa hakukuwa na hadithi. Kulikuwa na maneno mawili tu, "Kidogo tu," huku akikaribisha kidole gumba na cha shahada mpaka karibu vigusane. Goli moja kidogo tu. Dakika moja kidogo tu. Nilimwambia siku moja kwamba aliyekosa kidogo na aliyekosa sana wote wamekosa. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni asiyejua lugha.

"Wewe huelewi, ndugu yangu. Kukosa kidogo maana yake iko njiani inakuja."

Paneli ya sola ikaondoka juu ya bati. Baiskeli ikaondoka. Kila kitu kilipoondoka alikuwa mchangamfu, alitengeneza chai, aliimba. Wafinyanzi wenzake shemeji hawakumwonea aibu.

"Dada, huyo mume wako akifa atabeti kaburi litajaa saa ngapi!"

"Na atashinda," alijibu mwingine, "maana atafukuka kuangalia."

Shemeji alicheka pamoja nao. Alikuwa amezoea kumcheka kama watu wanavyozoea bati linalovuja mahali pamoja. Unajua pa kuweka ndoo.

Kisha asubuhi moja akaenda ufukweni kufuata udongo, akakuta nyavu za mtu ndani ya mtumbwi wake.

Nilikuwa jirani nikifungua kabureta. Nilimwona amesimama, kasia mkononi. Mchuuzi wa samaki, mtu mnene mwenye adabu ambaye alinunua usipa na mbasa za pwani nzima, alikuja akavua kofia.

"Nyavu hizi za nani?" shemeji akauliza.

"Zangu, mama. Samahani. Nilidhani mzee amekwambia. Muulize nyumbani."

Mzee nyumbani hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Alieleza yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia mvua: alikopa kwa mchuuzi, akaweka mtumbwi rehani, mkeka ulibakiza mechi moja tu, kidogo tu. Shemeji hakupiga kelele. Alijifunga khanga upya, akarudi ufukweni, akazungumza na mchuuzi mwenyewe. Kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni huko Mbeya aliyekuwa ameagiza kwake vyungu vikubwa arobaini. Vikitoka salama, fedha yake ingetosha kuukomboa mtumbwi. Mchuuzi alikubali kungoja mpaka Jumamosi ya kuuza. Walipeana mkono mbele yangu.

Wiki zile hakuna aliyekaa bure pale uani. Mama yake shemeji alikuja kusaidia, kaka zake wakaleta udongo kwa mitumbwi yao, mimi nikabeba nyasi na magome ya kuchomea. Mwenyeji wangu naye alifanya kazi kwa moyo, alichota maji, alianika vyungu kivulini, alivigeuza kwa uangalifu. Vyungu vilikauka taratibu mpaka vikapoteza ule weusi wa unyevu. Katikati ya haraka hiyo shemeji alinifinyangia kikombe kimoja kidogo cha chai, kwa sababu, alisema, amechoka kuniona nikinywea kopo la rangi. Alikibana alama ya kidole gumba pembeni ili pawe na mahali pa kushika. Akakiweka jikoni juu ya rafu, kikiwa bado kibichi kinang'aa.

"Chako kitasubiri safari nyingine," akaniambia. "Kikiingia motoni na maji yake, kitapasuka kiue na wenzake."

Mwenyeji wangu alikuwa pale. Alikuwa akimenya ndizi.

Siku ya kuchoma ziwa lilikuwa limetulia, hakuna upepo wa mwera, moshi ulipanda wima. Walipanga vyungu tangu alfajiri, magome chini, vyungu vikubwa katikati, nyasi juu na pembeni. Shemeji alikwenda nyumbani kuoga na kubadili nguo, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuwasha, akarudi akawasha. Ndipo nikaona wanaume. Kuchoma ni shughuli ya wanawake, mwanamume hupita njia akatoa salamu akaenda zake. Siku ile walikuja kwa makundi, wakaketi kwenye kingo za mitumbwi, mchuuzi wa samaki katikati yao.

"Leo kuna nini?" nikamuuliza kijana wa nyavu aliyekuwa karibu.

"Kuna mechi, fundi," akajibu akicheka.

"Mechi gani?"

Akanieleza, na aliendelea kucheka mpaka alipoona sura yangu. Mwenyeji wangu alikuwa amebeti vyungu vya mkewe. Vikipasuka nusu au zaidi, mtumbwi unarudi na madeni yake yote yanafutwa. Visipofika nusu, mtumbwi ni wa mchuuzi siku hiyo hiyo, hakuna tena kungoja Jumamosi wala fedha za Mbeya. Mchuuzi alikubali bila kufikiri. Hakuna mtu Lyulilo aliyewahi kumwona mama yule akipoteza nusu ya moto wake.

Nilirudia maneno yale kichwani ili nihakikishe nimeelewa. Kazi ya mkewe ikifanikiwa, mkewe anapoteza mtumbwi. Kazi yake ikiharibika, anaupata. Na mikono ile ile ilikuwa imevigeuza vyungu kivulini wiki zile zote.

Mama yake shemeji ndiye aliyekwenda kumnong'oneza. Moto ulikuwa umeshashika, hauzimwi tena. Nilimwona akisikiliza, macho kwenye moto. Hakugeuka kumtafuta mumewe.

Mlio wa kwanza ulikuwa kama gobole. Kisha kimya. Kisha ikaja mingine, mfululizo, cheche zikaruka na nyasi zikazama katikati. Wanawake walishika vichwa. Mimi nilimtazama mwenyeji wangu, na uso nilioukuta sijausahau. Alikuwa amekunja ngumi mbili chini ya kidevu, macho yanang'aa, midomo inatamka bila sauti. Endelea. Endelea. Nilikuwa nimeuona uso ule mara nyingi mbele ya televisheni ya kibandani, na siku zote niliupenda.

Moto ulipolala walivitoa vyungu kwa fito ndefu, kimoja kimoja, wakavipanga mchangani. Vilivyopasuka vilikuwa vya katikati. Shemeji alipekua majivu pale katikati kwa kijiti, akainama, akaokota kigae kidogo chembamba kilichobanduka kama gome. Alikipuliza. Akaja nilipokuwa nimesimama, akakifungua kiganja chake. Alama ya kidole gumba ilikuwa pale pale.

"Hiki kilikuwa chako," akasema.

Wengine hawakujua maana yake. Mimi nilijua, na nilipoinua macho kumtafuta mwenyeji wangu, alikuwa amechuchumaa anahesabu.

Ikafika zamu ya kugonga. Makubaliano yalikuwa hayo: hata kilichoonekana kizima, neno la mama ndilo la mwisho, kwa sababu hakuna aliyewahi kulishuku. Alianza upande wa ziwa, akigonga, akisikiliza, akisema. Kizima. Kizima. Kimekufa, na akakipiga chini mwenyewe. Kizima. Mwishoni vilivyokufa vilikuwa kumi na tisa, vilivyo hai ishirini, na kilibaki kimoja, kikubwa, chenye mstari mweusi wa moshi ulioteremka kutoka mdomoni mpaka tumboni. Ungeapa ni ufa.

Mwenyeji wangu alipiga magoti mchangani.

"Mama watoto. Tazama mwenyewe, kina ufa. Sema kimekufa. Neno moja tu na mtumbwi ni wako, tunarudi nyumbani na mtumbwi wetu."

"Mwache agonge," alisema mmoja wa wanaume.

"Mama," alisema mchuuzi, kofia mkononi, "sema utakalosikia. Mimi nitalikubali."

Namtetea mchuuzi kwa hilo, nadhani hata yeye alitaka aseme kimekufa. Mimi nilitaka. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, sema, mama, sema tu, nani atajua.

Aligonga. Nilikuwa karibu, nilisikia. Kililia kama kengele.

"Kizima," akasema.

Kilichofuata ndicho kilichonishtua kuliko moto, kuliko kile kigae. Mwenyeji wangu hakulia. Hakuanguka. Aliruka kutoka mchangani, akanishika mabega yote mawili, uso umejaa furaha.

"Kimoja! Umeona, ndugu yangu? Mmeona nyote? Kimoja tu!" Akakaribisha vidole vyake viwili mpaka vikakaribia kugusana. "Nilikuwa nimeshinda!"

Mchuuzi alivaa kofia yake, akaenda kuufungua mtumbwi.

Nilimuuliza shemeji siku mbili tatu baadaye, alipokuwa akifunga vitu vyake kwenda kwa mama yake, kwa nini hakusema neno lile. Aliendelea kukunja khanga.

"Ningesema kimekufa, ingenibidi nikivunje. Kizima." Akaweka khanga kikapuni. "Na yeye angejua kwamba inawezekana."

Nilibaki na mwenyeji wangu katika nyumba ile. Alinipikia. Aliniletea uji chumbani nilipopata homa, akakaa pembeni ya kitanda akinipepea kwa kipande cha boksi. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama ni yeye aliyekiweka kile kikombe katikati, wakati shemeji alipokwenda kuoga.

"Ni mimi," akasema. Akafikiri kidogo. "Kosa langu lilikuwa kuweka kimoja. Palikuwa na bakuli bichi pale pale rafuni."

Nilimtazama nikingoja kitu kingine kije usoni mwake. Hakikuja. Alikuwa anasikitika, lakini kama kocha.

Halafu mchuuzi akaja kwangu na injini. Ilikuwa ndogo, ya mtumba, nzima. Alitaka niifunge kwenye ule mtumbwi, na ili ikae, nyuma palitakiwa pakatwe na kufungwa mbao. Nilikwenda kupima. Niliketi ndani, futi mkononi, mbele ya kile kikalio cha mtoto. Ubao wake ulikuwa laini kwa kusuguliwa mchanga miaka yote ile. Ndicho hasa kilichotakiwa kukatwa. Nilimwambia mchuuzi nitamjibu, nikarudi chumbani nikaanza kupanga spana kwenye sanduku. Tukuyu, nilikuwa nikiwaza, halafu labda Njombe, sijawahi kukaa Njombe.

Niliondoka siku ya soko. Shemeji alikuwa akipakia vyungu vya kwenda ng'ambo ya ghuba, ndani ya mtumbwi wa baba yake, na nilimwona akimpa kijana wa mchuuzi nauli. Aliketi katikati ya vyungu kama abiria yeyote, mgongo ameugeuzia kile kikalio cha nyuma. Kabla hawajasukuma aliniita, akatoa ndani ya nyasi kikombe kidogo chenye alama ya kidole gumba, akakigonga mbele yangu.

"Kizima," akasema. "Ndaga, shemeji," akanishukuru kwa lugha ya kwao. "Usinywee tena kwenye kopo."

Mwenyeji wangu alinibebea sanduku mpaka barabarani, kama alivyonipokea. Lori la mchele lilikuwa linaenda Tukuyu na dereva alikuwa tayari kunichukua. Njia nzima alikuwa mchangamfu mno, nikadhani anaficha huzuni ya kuachwa peke yake. Nilimwambia pole. Nilimwambia sikuweza kukata mtumbwi ule.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia mchuuzi kabla hajakuletea injini. Nikamwambia huyu hatakata, huyu atafunga mizigo. Wewe huwezi kukaa mahali kikikukaba kitu, nimekutazama. Akasema utakata, maana unapenda kazi."

Nilisimama. "Mmenibetia mimi?"

"Nimeshinda! Sasa hataukata ule mtumbwi mpaka mpunga uvunwe. Unaona? Nimeanza kuurudisha."

"Wewe uliweka nini?"

Alikuwa anainua sanduku kulipandisha kwenye lori, na alijibu bila kugeuka, kama jambo dogo.

"Nyumba."

Nyumba niliyotoka asubuhi ile, yenye kitanda alichokaa akinipepea. Dereva akapiga honi. Mwenyeji wangu alinipa mkono, mikono yake yote miwili, machozi yakamlengalenga, na yalikuwa ya kweli, najua yalikuwa ya kweli.

"Ndaga fijo, ndugu yangu," akasema. "Ndaga fijo."

Lori lilipoondoka nilimwona amemgeukia kijana mmoja aliyekuwa amesimama kando ya barabara, anamwonyesha magurudumu yetu na kona iliyo mbele, wanapeana mikono.